Nyapara Aliyehesabu Vidole

Kwenye geti la karakana ile palikuwa na ubao wa bati ulioandikwa kwa rangi nyekundu: NAFASI ZA KAZI ZIPO. Nilipoanza kupeleka mizigo pale, ubao ulikuwa umekaa miaka mpaka misumari yake imelia kutu, michirizi imeteremka hadi kwenye neno ZIPO. Watu waliajiriwa Jumatatu, Ijumaa hawapo. Kuna mmoja, namkumbuka kwa sababu alikuwa na viatu vizuri, aliingia asubuhi, saa nne akatoka kwenda kununua maji, na mpaka leo yuko njiani na hayo maji.

Mimi nilikuwa mtu wa mkokoteni. Nakusanya betri mbovu za magari kwenye magereji, nazisukuma mpaka pale, nazishusha, napumzika kidogo, naondoka. Kwa hiyo sikuwa wa ndani wala wa nje. Ndani kazi ilikuwa hivi: betri zinapasuliwa kwa shoka, tindikali inamwagwa mtaroni, akina mama wanachambua mezani zile sahani za risasi, yale madini laini ya kijivu, kisha zinatupwa kwenye tanuru ziyeyuke, zimiminwe kwenye kalibu, zitoke vipande vizito kama matofali. Moshi wake hauchomi macho. Vumbi lake ni laini kama unga. Ukikaa nalo siku nzima, mate yanakuwa matamu, na wafanyakazi walikuwa wakitania kwamba karakana ile inalipa kwa sukari.

Ninayetaka kusimulia habari zake ni nyapara wa pale. Watu walimwita Vidole.

Kabla yake nyapara alikuwa mtu mmoja aliyeitwa Radi, na hilo jina lenyewe linatosha. Siku moja kijana mgeni wa kazi alikosea kushika upawa, risasi iliyoyeyuka ikamwagika chini, ikatapakaa kama maji ya fedha. Hakuna aliyeungua. Radi akamjia mpaka pua kwa pua.

"Wewe mama yako alikuzaa au alikutapika?"

Kijana akauweka ule upawa chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akavua glavu, akatoka. Nilikuwa napakua mzigo, akanipita. Macho yake yalikuwa makavu. Radi akamtukania mgongo mpaka alipokata kona.

Siku hizo palikuwa na fundi mitambo mgeni, aliyekuja na tanuru jipya kutoka nchi ya mbali, alifunge na kuwafundisha watu kulitumia. Alikaa miezi minane, akilala chumba cha nyuma ya stoo. Alikuwa mfuasi wa Buddha. Hatukujua mambo hayo sisi. Wengine walisema haabudu chochote. Wengine wakasema anaabudu ukuta, kwa kuwa kila alfajiri mlinzi alimkuta amekaa chini, miguu ameikunja, anautazama ukuta wala haongei nao. Kiswahili chake kilikuwa cha spana na bolti, lakini kilitosha.

Huyo Vidole wakati ule alikuwa mpakiaji tu, mtu wa miaka thelathini na kitu, mkimya. Alikaa na mama yake, fundi cherehani. Aliwahi kuwa na mke. Mke aliondoka kwa neno moja aliloambiwa na mumewe mezani, neno lenyewe hakunitajia mpaka anakufa. Alichoniambia ni kwamba mke alimaliza kula kwanza, akaosha sahani yake, akaifuta, ndipo akafunga nguo zake. "Ningekuwa nimempiga," aliniambia, "labda angepiga kelele, watu wangekuja, tungesuluhishwa. Lile neno nilimpigia ndani. Hakuna jirani aliyesikia." Tangu hapo akaogopa kinywa chake mwenyewe kama mtu anavyoogopa mbwa aliyemfuga.

Basi siku ile ya upawa, Vidole alikaa na yule fundi kwenye benchi wakinywa chai. Nami nilikuwa nimekaa kwenye mpini wa mkokoteni wangu, sikio halina pazia.

"Radi amemchoma yule zaidi ya risasi," fundi akasema.

"Nami nilishamchoma mtu hivyo hivyo," akasema Vidole. "Nifanyeje nisirudie?"

Fundi akakunja ngumi, akaiweka juu ya goti. "Sisi kwetu neno lina mlango. Kabla halijatoka, uliza. Ni kweli?" Akafungua kidole gumba. "Ni wakati wake?" Akafungua cha shahada. "Ni la upole?" Cha kati. "Lina faida kwa anayeambiwa?" Cha pete. "Linatoka kwenye moyo unaomtakia mema?" Kile kidogo cha mwisho. Kiganja kikawa wazi. "Vyote vikifunguka, sema. Kimoja kikikataa, funga. Nyamaza."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Mimi najaribu miaka ishirini na sita. Bado natukana bolti."

Wakacheka.

Radi aliondoka kwa ulimi wake mwenyewe: alimtukana shemeji yake Tajiri bila kujua ni shemeji. Tajiri, mwenye karakana, akawa hana nyapara, na fundi mgeni akamwambia mchukue yule mpakiaji mkimya. Tajiri akacheka, kwamba nyapara asiyefoka ni kama mbwa asiyebweka. Lakini hakuwa na mwingine.

Jamani, yule mtu aliisimamisha karakana kwa kinywa. Tena kwa kinywa kilichofungwa muda mwingi. Akija mtu amekosea, Vidole anasimama, anakunja ngumi pajani, unaviona vidole vinafunguka kimoja kimoja. Kikikwama kimoja, anaifunga ngumi na kupita zake. Vikifunguka vyote, anakuita pembeni, si mbele za watu.

Palikuwa na mama mmoja mezani kwa wachambuzi, Mama Pacha, mwenye watoto wawili wasichana waliozaliwa siku moja. Mmoja alikuwa akiongea toka anaamka mpaka analala, mama yake akamwita Kasuku. Mwingine alikuwa hasemi neno, akamwita Kimya. Basi Mama Pacha siku za mwanzo alichanganya sahani nzima na zilizooza, kapu zima likaharibika. Wenzake wakakaza shingo wakisubiri radi ipige. Vidole akafungua vidole, akamwita kando ya pipa.

"Dada, jana ulilala?"

"Kasuku alikuwa na homa, kaka."

"Basi leo kaa kwenye kapu la nzima peke yake, usiguse la pili. Kesho nitakuonyesha tofauti yake nikiwa na nafasi. Mkono wako ni mwepesi, ndio maana umetangulia macho."

Mama Pacha alirudi mezani anajifuta kwa mkono wa ovaroli. "Nimegombezwa," akawaambia wenzake, "lakini sijui nimegombezwa saa ngapi."

Watu wakaacha kuondoka. Mwezi wa kwanza wanne walibaki, halafu tisa, halafu meza zikajaa. Wenyewe nao wakaiga. Mtu akitaka kumrushia mwenzake neno, mwenzake anamwonyesha ngumi: "Hesabu kwanza!" Wakifungua gumba tu wanaishia hapo, wanacheka. Mpika chai aliwahi kufungua vinne mbele ya mwanamke aliyempenda, cha tano kikamgomea, wakamtania mwaka mzima. Ikawa ndiyo desturi ya pale. Na wakajifunza kuisoma ngumi ya nyapara wao: ikifunguka, kuna jambo. Ikifungwa, hakuna la kusemwa, rudi kazini. Shikeni hapo.

Siku Tajiri alipouteremsha ule ubao wa getini, aliupiga teke ukaanguka kwenye mkokoteni wangu. "Mzee, uza chuma hicho." Sikuuza. Niliuweka kwa mlinzi, sijui kwa nini.

Fundi mgeni alikuwa ameshaondoka zamani. Mimi ndiye niliyempakilia sanduku lake mpaka stendi, na Vidole alitusindikiza hadi getini. Pale fundi alimshika mkono, akakigusa kile kidole cha shahada, cha pili.

"Hiki uwe nacho macho," akasema. "Wakati si wa msemaji. Ni wa msikiaji."

Vidole akaitikia kwa kichwa, akacheka kidogo, akamwambia safari njema. Nadhani alifikiri ni salamu za kwaheri tu, zile ambazo watu husema kwa sababu basi halijafika.

Miaka sita ikapita. Au saba. Kwenye mwaka huo wa mwisho ndipo matumbo yalipoanza. Mtu anajikunja katikati ya kazi kama ameshikwa na mkono wa ndani, anakaa chini, inapita, anainuka. Nyuso zikapauka. Mtu wa tanuru alipocheka, uliona mstari wa bluu kwenye ufizi wake, umenyooka kama umechorwa na rula. Walisema ni maji ya bomba. Walisema ni maharage. Mmoja wao akaleta ule utani ambao baadaye hakuna aliyetaka kuurudia: "Nyapara maneno matamu, sisi mate matamu. Tutaoana."

Akaja muuguzi kutoka ofisi ya afya, mwanamke mfupi mwenye begi la plastiki. Akawapanga wote ishirini na watatu, akawatoa damu, kila kichupa na jina lake. Akasema majibu yatafika baada ya wiki mbili, kwa jina la msimamizi.

Yakafika. Haya yanayofuata sikuyaona, Vidole mwenyewe aliniambia akiwa kitandani, na sikuona sababu ya yeye kunidanganya wakati ule. Alifungua bahasha chooni. Watu ishirini na mmoja kati ya ishirini na watatu walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiasi, naye akiwamo. Barua ilisema watolewe kazini, watibiwe. Wanawake watangulie. Na kwa herufi nzito: nguo za kazi zisipelekwe nyumbani, hasa penye watoto wadogo.

Akaipeleka kwa Tajiri, ofisini juu. Tajiri akaisoma, akamvutia kiti.

"Wewe si una vidole vyako? Hesabu tusikie. Ni kweli? Haya, kweli, sikatai. Ni wakati wake? Oda imebaki wiki sita. Ukiwaambia leo, kesho utabaki wewe na paka wa stoo. Wakiondoka leo wote watakwenda wapi? Wana watoto. Huo ni upole?"

"Bosi, wanaumwa."

"Nani kasema wasiambiwe? Wataambiwa. Nitaleta barakoa, nitafunga feni. Oda ikiisha, unawaambia mmoja mmoja, kwa ule utaratibu wako. Wewe ndiye wanayemsikiliza. Nikisema mimi watakimbia, ukisema wewe wataelewa. Chagua wakati."

Vidole akashuka ngazi. Aliniambia alifungua gumba, akakiangalia cha pili muda mrefu, kikakataa. Akafunga ngumi. Alisikia amani, hiyo ndiyo aliyoona aibu kuliko yote: alisikia amani, kama mtu aliyefuata mafundisho.

Bahasha akaitia kwenye droo ya meza yake, chini ya kitabu cha mahudhurio.

Barakoa zikaja boksi moja, za karatasi. Feni ikafungwa, ikawa inalipeperusha vumbi kutoka meza hii kwenda meza ile. Mtu wa ofisi ya afya alikuja mara moja kufuatilia, akaishia ofisini kwa Tajiri, akatoka anafuta mdomo. Wafanyakazi wakauliza, "Nyapara, majibu yetu vipi?" Wakamwona anafungua gumba, anaifunga ngumi. Wakatazamana. "Ameshafunga. Basi halina haja." Wakarudi kazini. Kwa mtu kama Radi wangeuliza mara kumi, wangevunja droo. Kwa huyu hawakuuliza mara ya tatu.

Ndipo Mama Pacha alipopata kazi nyingine.

Ilikuwa shule iliyo mtaa wa pili: kufagia madarasa, kupiga deki, kuchota maji. Mwalimu mkuu alimpa mpaka Ijumaa ajibu. Mshahara ulikuwa chini kidogo, lakini angetoka saa nane, na watoto wangemsubiri uwanjani. Alhamisi wakati wa chai akamfuata nyapara wake pale kwenye pipa. Nilikuwa nashusha betri, hatua tano tu kutoka kwao.

"Kaka, nimeitwa shule. Kesho ndiyo mwisho. Nibaki au niende?"

Vidole akakiweka kikombe chake juu ya pipa.

"Mwenyewe unajua," akaendelea Mama Pacha, "nimetoka kwenye kazi tatu kabla ya hii, kote nilitukanwa mpaka nikasahau jina langu. Hapa nimekaa miaka mitano. Nafsi inanivuta hapa. Ila hili tumbo, kaka. Na Kasuku siku hizi amekuwa mzito, halali, hali. Nikirudi ananirukia, ananing'ang'ania ovaroli, analala humo humo kifuani. Nasema labda ananililia mimi, nikienda shule atanipata mapema. Wewe unaonaje? Usinifiche."

Nikaiona ngumi pajani. Gumba likafunguka. Kidole cha pili kikainuka nusu, kikasimama hapo. Mpaka leo nikifumba macho nakiona kidole kile. Wakati huo sikujua kinangoja nini. Oda ilikuwa imebaki siku tisa.

Kidole kikarudi. Ngumi ikafungwa.

Mama Pacha naye aliiona. Nikamwona anashusha pumzi, mabega yakalegea.

"Basi," akasema. "Kungekuwa na baya ungesema."

"Dada," akasema Vidole, sauti laini kama siku zote, "hapa unaheshimiwa. Hakuna mkono kama wako meza ile. Ukiondoka, nitapungukiwa."

Hakusema uongo hata mmoja. Nimelirudia jambo hili kichwani nikisukuma mkokoteni kwenye vilima, nikalipima neno kwa neno. Yote aliyosema yalikuwa kweli, yote ya upole. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Ya kwake yaliwatuliza watu pangoni na nyoka humo humo.

Ijumaa Mama Pacha akamwambia mwalimu mkuu hapana, ahsante. Jumatatu shule ikamwajiri mwingine.

Oda ikaisha. Ikaja nyingine. Tajiri akasema, "Hii fupi, malizia." Vidole akamaliza. Ikaja ya tatu. Kidole cha pili kikizoea kulala, kukiamsha ni kazi. Na sasa, kila siku aliyonyamaza iliongeza ugumu wa siku ya pili yake, maana asingeulizwa tu mbona, angeulizwa tangu lini. Akaanza kukonda. Kiganja chake cha kulia kikaanza kulegea kwenye kifundo, kalamu ikamdondoka mara kwa mara. Alisema amelalia mkono vibaya.

Mwezi wa nne tangu bahasha ifike, Kasuku akashikwa na degedege.

Lilimshika asubuhi, wakati mama yake anamfunga viatu. Akakakamaa, macho yakageuka, povu. Likamwacha, likarudi, likamwacha, likarudi. Hospitali wakamlaza siku kumi na moja. Daktari akamwuliza Mama Pacha maswali mengi ya chakula, ya rangi za ukuta, mwisho akamwuliza unafanya kazi gani. Alipoambiwa, akaweka kalamu chini.

"Damu yako mwenyewe haijapimwa?"

"Tulipimwa, daktari. Majibu bado."

"Lini?"

"Inakwenda mwezi wa tano."

"Mama," daktari akasema, "majibu yale hayakai zaidi ya wiki mbili."

Kasuku akapona degedege. Alitembea, alikula, aliitikia ukimwita kwa kugeuza kichwa. Lakini maneno hayakurudi. Yale maneno yote, ya kuku, ya jirani, ya kwa nini mwezi unatufuata, yalikwenda. Daktari alisema huenda machache yakarudi baada ya miaka. Alisema huenda.

Mama Pacha akaja karakana siku ya Jumatano, saa ya chai, watu wote wako uani na vikombe vyao. Hakuvaa ovaroli. Nami nilikuwa getini, mkokoteni umejaa, sijashusha hata betri moja. Akapita katikati ya watu akasimama mbele ya Vidole.

"Kaka, majibu yalikuja lini?"

Vidole akajaribu kukunja na kukunjua ngumi pajani, kwa mazoea. Ikakunjika. Kufunguka haikufunguka. Mkono ulining'inia kwenye kifundo kama kitu kisichokuwa chake. Akaushika kwa mkono wa pili, akaangalia, akaachia. Akaingia ndani, akarudi na bahasha.

Akawasomea bila kuhesabu chochote. Jina la kwanza, kiasi kilichokutwa kwenye damu, jina la pili, mpaka la ishirini na tatu, na lake mwenyewe katikati. Akasoma na tarehe. Akasoma na ile mistari ya herufi nzito, ya nguo na watoto. Hapo kuna mwanamume mmoja alikaa chini juu ya kalibu. Mtu wa tanuru akauliza, "Umesema tarehe ngapi?" Akairudia.

Hakuna aliyepiga kelele. Mimi nilitegemea watamrarua. Wakaanza kuweka vikombe chini, kimoja kimoja, taratibu, kama yule kijana alivyoweka upawa. Wakavua ovaroli pale pale uani, wakaziacha, wakatoka na nguo zao za ndani ya ovaroli, wakinipita.

"Nitukaneni," Vidole akasema. "Jamani, semeni kitu. Nitukaneni."

Hawakumtukana. Yeye ndiye aliyewafundisha.

Akabaki Mama Pacha. Akainua mkono wake wa kulia kifuani, akakunja ngumi mbele ya macho yake. Gumba likafunguka. Cha pili. Cha tatu kikachelewa, kikafunguka. Cha nne. Vidole alikuwa ameinamisha kichwa kwa wakati huo, analia, hakuona vizuri. Mama Pacha akasimama hapo. Kisha akaifunga ngumi, akaishusha, akageuka. Aliponipita alinisalimu, "Shikamoo mzee," kama siku nyingine zote.

Mtu wa tanuru alifariki miezi mitatu baadaye, figo. Wengine walitibiwa, wengine wanajikongoja. Vidole aliishi miaka miwili na kidogo. Mikono yote miwili ikalegea, mama yake akawa anamlisha, mwanamke wa miaka sabini na saba anayemlisha mtoto wa arobaini na tisa, kisha anarudi kwenye cherehani kwa sababu watu wanataka sare zao. Nilimpitia kila nilipopata mzigo upande ule. Hatukuwa marafiki hasa. Ila kila mara alikuwa na swali moja.

"Mzee, wewe ulikuwa getini. Uliuona mkono wake. Aliishia kidole gani?"

Mara ya kwanza nilisema sikuona. Mara ya pili nilisema macho yangu ni ya uzee. Nilitaka kumhurumia. Nikiwa njiani kurudi, nasukuma mkokoteni mtupu, nikasema loo, nami nimeifunga ngumi. Huyu anauliza kwa mdomo wake, na siku zake zinahesabika. Nikageuza, mchana ule ule, jua kali, nikarudi mpaka mlangoni kwake.

"Kile cha mwisho," nikamwambia. "Aliishia hapo."

Akautazama ukuta. "Kwa hiyo vinne vilifunguka."

"Vilifunguka."

"Alikuwa na neno la kweli. La wakati wake. La upole hata."

"La faida pia," nikasema.

"Moyo tu ndio haukuwepo."

"Haukuwepo."

Chumba cha pili cherehani ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea. Vidole hakuniuliza tena. Nilipompitia wiki mbili baadaye nilikuta viti vya watu nje.

Maziko yake yalikuwa ya watu wachache. Kutoka karakana walikuja watatu. Mama Pacha hakuja, na hakuna aliyemtaja.

Karakana ilifungwa mwaka mmoja, ikafunguliwa na Tajiri mwingine, au ndiye yule kwa jina la mkewe, sijui. Sipeleki mzigo pale, siku hizi nabeba maboksi. Lakini nilipita mwezi jana. Mlinzi amewapa ule ubao. Wameupiga rangi upya, umepigiliwa misumari mipya pale pale pa zamani.

Kazi ya shule Mama Pacha aliipata baadaye, yule mwingine alipohama. Nikipita saa nane nawakuta watoto wake kwenye ngazi za darasa, mama yao anapiga deki ndani. Kimya ndiye anayeongea sasa. Anaongea kwa ajili ya wawili.

"Shikamoo babu," ananiambia. Halafu anamshika mwenzake mkono, ananionyesha. "Na yeye anasema shikamoo."

Nami nasimamisha mkokoteni. Shikamoo hiyo ya pili naiitikia nikimtazama Kasuku mwenyewe, usoni, wala sina haraka. "Marahaba, Kasuku." Yeye hugeuza kichwa.